Kiti cha Mbele cha Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Muuguzi wa kliniki ya watoto amenipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Niandike kila siku kifua cha Kijino kimeamkaje na hewa ikoje, maana mara ya mwisho aliponiuliza nilimjibu "vibaya, halafu nafuu, halafu vibaya", akanitazama kama namzungusha. Haya. Naandika.

Hewa: mvua ya kwanza ya msimu, haijakata tangu asubuhi. Kifua: kinapiga filimbi kidogo.

Kijino ni binti yangu wa kwanza, ana miaka minne. Jina hilo tulimpa lilipoota jino moja likakaa peke yake muda mrefu kama limesusiwa. Analala chumba cha nyuma na bibi yake, mama mkwe wangu. Mimi, baba yao na Mdogo, ambaye bado ananyonya, tumebanana chumba cha mbele. Bati la chumba cha nyuma limeoza, na ukuta wa pembeni mwa kitanda una ukungu mweusi. Nausugua kila Jumapili, na wenyewe hurudi kila wiki kama mpangaji aliyesahau mwavuli. Daktari alisema bila kuzunguka: bati libadilishwe, la sivyo kifua hiki hakitapona.

Tunalijua hilo tangu mwaka jana. Lakini kila tukikaribia bati, Mheshimiwa anaugua.

Mheshimiwa ni gari. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa mkurugenzi mmoja, akamwendesha humo mpaka wote wawili wakaota mvi, na alipostaafu kampuni ikampa gari lenyewe badala ya maneno mengi. Jeusi, refu, viti vya ngozi, mbao inayong'aa kwenye dashibodi. Wakati wake lilikuwa la watu wasiouliza bei ya mafuta. Sasa ni letu sisi, tunaouliza bei ya nyanya.

Asubuhi halijawaka. Nimekwenda kazini kwa miguu.


Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kifua kibaya. Mheshimiwa kawaka kwa waya za kuazima betri ya jirani.


Jumapili, 9 Machi

Hewa nzito bila mvua. Kifua afadhali.

Mume wangu kashinda na ndoo na kitambaa akimwosha. Mimi sijawahi kufutwa hivyo, hata siku ya harusi. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema, "Wewe huna kromu ya kung'arisha."

Nilisimama mlangoni na Mdogo begani nikihesabu maradhi ya mgonjwa wetu. Kona ya mbele kushoto inalala chini likisimama muda mrefu, kwa sababu halina springi kama magari ya watu, lina mifuko ya hewa, na mmoja umechoka. Dirisha la paa linavujia kwenye zulia la nyuma. Kioo cha dereva kikishuka hakipandi mpaka ukisaidie kwa viganja viwili. Oili inachuruzika. Dashibodi ina taa ya manjano yenye umbo la injini ambayo haijazimika tangu nilipoolewa, nikadhani ni pambo. Na kila kipuri lazima kiagizwe, kisha kikifika si chenyewe, kinarudi, kinaagizwa tena.

Lakini yote hayo tuliyazoea. Ugonjwa mpya ndio huu wa betri. Linazimwa jioni likiwa zima, linakaa kesho yake uani, na likihitajika tena ni mzoga. Na ni otomatiki, kwa hiyo hata kulisukuma huwezi. Linakaa tu, na ukubwa wake wote.

"Tuliuze," nilisema.

Kabla mume wangu hajafungua mdomo, mama mkwe alijibu kutoka dirishani. "Kauzeni na makochi basi, na mimi mwenyewe mnipandishe humo humo."

"Mama, ni bati la mtoto."

"Bati ni bati. Lile ni jasho la mtu."

Ana ulimi, mama huyu. Hajawahi kunipiga kwa neno moja kama anaweza kupata mawili.


Jumatano, 12 Machi

Mvua kubwa. Kifua: alikohoa mpaka akatapika.

Fundi kauza betri mpya. Huyu fundi tunamwita Subiri, kwa sababu ukimuuliza lolote husema, "Subiri kidogo." Bati limesogea mbele mwezi mwingine.


Jumamosi, 15 Machi

Betri mpya imekufa. Kifua hivyo hivyo.


Ijumaa, 21 Machi

Mvua za rasharasha. Kifua afadhali.

Subiri kaja na kifaa chake cha kupimia, akainama kwenye boneti kama anatafuta pete. Akasema gari likizimwa hakuna kinachokula umeme, kapima mara mbili, kwa hiyo labda ni alteneta haichaji.

"Labda?" nikasema.

"Shemeji, subiri kidogo. Tukibadilisha tutajua."

"Kwa hiyo tunanunua ili tujue?"

"Haya magari ya wakubwa ndivyo yalivyo. Yana siri zake."

Siri. Nilimtazama mikono. Mtu anayekwambia betri mpya imekufa, hakuna kinachoiua, na bado anataka kukuuzia kitu kingine, huyo ama hajui ama anajua sana. Nikawaza: je, anachukua betri yetu nzuri na kuturudishia kuukuu? Magari mangapi pale gereji yake yanawaka kwa betri yetu?

Alipokwenda kunawa nilitoa chupa ya rangi ya kucha, nikapaka doa jekundu chini ya betri, mahali pasipoonekana.


Jumanne, 25 Machi

Alteneta imewekwa. Doa langu lipo palepale. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Mtu ukishamshuku mwenzio, kumkuta msafi ni kama kunyang'anywa kitu.

Kifua kizuri leo. Mdogo naye analala mchana vizuri siku hizi, mama mkwe anasema, analala fofofo. Kazini nawaza, mimi humbembeleza mpaka mgongo unakufa ganzi, bibi yake ana dawa gani? Na jioni kichwa cha mtoto kilinukia mnanaa. Labda kapewa pipi na watoto wa jirani. Nitauliza.


Jumamosi, 29 Machi

Mvua usiku na mchana. Kifua kibaya.

Wifi yangu alikuja na mumewe, mwenye gari dogo jipya lisilo na heshima yoyote ila linawaka. Anaishi mbali, safari ya siku nzima. Wakati wa chai akamtazama mama yake akinyanyuka kwenye kigoda.

"Mama, mbona unashika ukuta?"

"Nausaidia. Unaona ulivyo mchovu."

Tulicheka. Wifi hakucheka sana. Akasema, "Ukianza kuugua, mama, utakuja kwangu. Hapa wana watoto, wana kazi, nyumba yenyewe inavuja. Sitaki ubishi."

"Nani anaugua? Ninabeba mjukuu mgongoni kutwa."

Kijino akamshika bibi yake mguu kama anayezuia kiti kisichukuliwe.


Jumanne, 1 Aprili

Alteneta haikuwa. Mzoga asubuhi.

Nilifungua mlango wa mbele, wa abiria, nichukue mwavuli. Kiti kimelazwa nyuma kabisa. Mimi nikikaa hapo hukiweka wima kwa sababu ya kunyonyesha. Mama mkwe hajapanda gari tangu siku ya arubaini ya marehemu. Na kulikuwa na harufu. Si oili, si ngozi yenye unyevu. Mnanaa na kafuri, ile dawa ya kuchua.

Mume wangu hana maumivu popote isipokuwa ukimwambia afue. Mama mkwe husema dawa za kuchua ni za wazee. Sasa nani kalala ndani ya gari letu akanukia vile?

Sikuuliza. Nilitazama tu. Na kutazama nikishaanza sijui kuacha.


Ijumaa, 4 Aprili

Mvua tangu alfajiri, haijapumua. Kifua kibaya. Nimepita kliniki, muuguzi kasoma kurasa za kwanza akaniuliza, "Mheshimiwa ni nani, na anahusika vipi na kifua?" Nikamwambia anahusika sana.

Jambo lenyewe ni hili. Nilirudi kutoka kazini jioni, bado kuna mwanga. Gari lilikuwa uani. Chini yake ardhi kavu, pande zote matope, kwa hiyo halijatoka siku nzima. Nikafungua mlango kuangalia kama zulia limeloa tena. Nikaegemeza mkono kwenye kiti cha mbele.

Kilikuwa cha moto.

Si vuguvugu la jua, jua la wapi? Si injini, boneti lilikuwa baridi kama jiwe. Kiti cha abiria tu. Cha dereva baridi. Nikakaa nimeinama na mvua ikinipiga mgongoni, mkono juu ya ngozi ile, nikasema moyoni: mtu kaondoka hapa sasa hivi.

Mume wangu wiki hii anafanya zamu ya asubuhi kule mizani, anaanza kupima malori kabla hakujapambazuka, adhuhuri yuko nyumbani. Nilimkuta kalala kochini, soksi zimekauka.

"Umetoka leo?"

"Na mvua hii?"

"Umekaa kwenye gari?"

"Nikae kwenye gari nifanye nini?"

Ndiyo swali langu hilo. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua maharagwe na Mdogo mgongoni. Nikamuuliza kama kuna mgeni alikuja. "Mgeni gani aje kwenye mafuriko?" akasema, bila kuinua macho. Hajawahi kunijibu bila kuinua macho. Mama huyu jibu lake huanzia machoni.

Wananificha kitu, mtu na mama yake.


Jumamosi, 5 Aprili

Hewa: jua. Sikumbuki kifua. Samahani, muuguzi.

Leo ndiyo ilikuwa siku. Nilikuwa nimepata mnunuzi, mwalimu mkuu wa shule moja, mtu anayeyapenda magari haya kama wengine wanavyopenda njiwa. Mume wangu alikubali baada ya wiki nzima ya kununa. Bei aliyotaja ingeezeka chumba chote cha nyuma, dari pia. Jana usiku betri ilichajiwa nyumba ya jirani mpaka ikashiba. Leo asubuhi liliwaka, tukalizima, tukasema lipumzike mpaka mgeni aje alasiri.

Mwalimu kaja na viatu vilivyong'arishwa, kalizunguka taratibu, kagusa ile mbao, kasema, "Hawatengenezi tena hivi." Kona ya kushoto ilikuwa imelala kidogo lakini alisamehe. Akaomba alisikie.

Mume wangu akazungusha ufunguo. Tik. Tik tik. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa unyonge, zikazimika, kama mtu aliyeamshwa akageukia ukutani.

Mwalimu alikuwa mpole. Ndiyo iliyoniuma. Alisema, "Mtanijulisha likipona," na tulijua wote watatu kwamba harudi.

Sikungoja afike barabarani.

"Umelifanya nini?"

"Mimi?"

"Asubuhi liliwaka. Umechomoa nini? Hukutaka liuzwe tangu mwanzo. Na ni nani unayemkalisha humo ndani? Jana nimeshika kiti cha moto. Kina harufu ya dawa. Nani huyo, ana umri gani, anaumwa wapi?"

Alinitazama kama nimezungumza lugha ya ndege. "Yaani mimi," akasema polepole, "nimpate mwanamke, halafu nimlete kwenye gari bovu, uani kwangu, mbele ya mama yangu, nimpake dawa ya mgongo?"

Kwa kweli likisemwa hivyo linakuwa jingine. Lakini hasira yangu ilikuwa imeshavaa viatu. Nikasema na mengine: kwamba anakipenda kile chuma kuliko kifua cha mwanawe. Hapo alibadilika uso. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo, akaniwekea kiganjani.

"Kaa nao wewe. Mimi sitaugusa tena. Likifa tena ujue si mimi."

Nikapita jikoni. Mama mkwe alikuwa kasimama na mwiko, hapiki chochote. Alifungua mdomo, akaufunga. Mara ya kwanza nimemwona akikosa maneno, nikajiambia: huyu anamjua mwanamke mwenyewe.


Jumapili, 6 Aprili

Tunazungumza kupitia watoto. "Kijino, mwambie baba chumvi iko pale."


Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kifua kinabana. Ufunguo nimetembea nao mfukoni siku zote hizi, na leo asubuhi Mheshimiwa ni mzoga. Kwa hiyo si yeye. Au ana mwingine. Kulikuwa na ufunguo wa pili enzi za marehemu, lakini ulipotea wakati wa msiba, wote tunasema hivyo.

Kazini leo. Mimi napiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia, mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, kutwa nimesimama kwenye meza yenye blanketi. Mwenzangu wa meza ya pili alikwenda kunywa maji, nikaegemea meza yake bila kufikiri, nikainua mkono haraka. Moto. Pasi ilikuwa imeondolewa zamani, uso wa blanketi umeshapoa, lakini ukikandamiza unalikuta joto chini, limejificha, linapanda kukutafuta.

Nikabaki nimeshika meza ya watu.

Joto la mtu aliyekaa huwa juu juu. Ukiketi kwenye kochi aliloondoka mtu, mara moja limekwisha. Ijumaa ile nilikandamiza, na kadiri nilivyokandamiza ndivyo kilivyozidi. Joto lilikuwa linatoka ndani ya kiti.

Kiti hakikukaliwa tu. Kilipigwa pasi.


Alhamisi, 10 Aprili

Hewa: mvua nzito, upepo. 

Umeme ulikatika kiwandani kabla ya saa ya chakula, msimamizi akaturuhusu. Sikupiga simu nyumbani. Nilikuja kwa njia ya nyuma, viatu mkononi kwa ajili ya matope, kama mwizi wa kwangu mwenyewe.

Gari lilikuwa limefunikwa na ukungu kwenye vioo, kwa ndani. Vioo vya gari tupu haviweki ukungu hivyo. Nikafuta kioo kwa kiganja, haikusaidia kitu, upande ule mwingine ndio uliokuwa na mvuke. Nikashika kitasa nikafungua kwa nguvu.

Mama mkwe alikuwa amelala.

Kiti kimelazwa nyuma. Ndala zake amezipanga vizuri mlangoni, kama mtu aliyeingia kwa watu. Khanga imekunjuliwa kiunoni upande mmoja, nyonga imeegemezwa kwenye ngozi, na harufu ile ya mnanaa na kafuri ikanipiga usoni. Mdogo yuko juu ya kifua chake, mdomo wazi, mashavu yana jasho la usingizi. Ufunguo wa pili, ule uliopotea msibani, uko kwenye tundu lake, umezungushwa nusu, na uzi wa pindo la khanga bado umeufunga. Dashibodi nzima inawaka taa. Na karibu na gia, swichi ndogo niliyoidhania ni ya kiberiti cha sigara, ina kijitaa chekundu.

Alifumbua macho. Tukatazamana.

"Umeme umekatika?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ingia basi, unamlowesha mtoto."

Nikazunguka nikakaa kwenye kiti cha dereva, maji yakinitiririka. Mvua inapiga paa. Halafu akaanza kusema akitazama mbele, kama tunasafiri.

"Miaka yote marehemu alimbeba yule bwana mkubwa. Nyuma kulikuwa kwa mkubwa, mbele kwake. Mimi nililiona gari hili likipita. Alipopewa likawa letu, siku ya kwanza akanifungulia mlango huu, akasema, 'Kaa hapa, nikuonyeshe kitu.' Akabonyeza hii, kiti kikapata moto chini yangu. Nikaruka! Nikadhani gari linaungua. Alicheka mpaka akaegesha pembeni."

"Nyonga inauma tangu lini?"

"Nani kasema inauma?"

"Mama."

"Tangu mvua za mwaka jana. Kile chumba kinaingia kwenye mifupa. Ukuta upande wangu unalia maji. Mtoto namweka upande mkavu."

Nikaona haya. Ukuta ule nausugua kila Jumapili. Sikuwahi kuuliza ni nani analala nao ubavuni.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme ili wifi yako aje na begi? Nikishasema inauma nimekwisha, napakiwa. Kule nitakwenda kumbeba nani?" Akavuta blanketi la Mdogo. "Hapa nakaa kidogo tu, mchana, nyama zinalegea, jioni naweza kuinuka. Simsumbui mtu."

"Mama, betri."

"Betri imefanyaje?"

"Hii ndiyo inayoiua."

Akageuka. Alishangaa kweli, nilimwona. "Inaiua vipi? Gari nimelizima. Siwashi injini mimi, naogopa. Sijawahi kutumia hata tone la mafuta."

"Inakula umeme."

"Umeme wa nini? Gari limezimwa!"

Nikamweleza. Nilivyomweleza ndivyo uso wake ulivyoshuka. Betri mpya. Alteneta. Jirani na waya zake. Mwalimu mkuu na viatu vyake. "Jumamosi ile," akasema, "nilikaa kidogo tu kabla hajaja. Nilijua linakwenda. Nikasema nimuage." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Nikasikia unamgombeza mwanangu. Nikataka kusema. Nikaogopa begi."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa, nimebeba hasira yote toka kiwandani. Lakini Mdogo alijinyoosha, akageuzia shavu upande wa pili, akaendelea na usingizi wake mzito, usingizi ambao wiki zote hizi nilikuwa nautafutia dawa.

Nikanyoosha mkono nikazima ile swichi. Baadaye nikaiwasha tena. Betri ilikuwa imekwisha hata hivyo.


Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Akaenda chumba cha nyuma, akaweka kiganja ukutani upande wa mama yake, akakiacha hapo. Kisha akarudi. "Sasa mwanamke wangu mmemjua," akasema. "Ana nyonga mbovu na ana mdomo."

Nimemwomba radhi. Kwa mdomo wangu, si kupitia Kijino. Kuhusu Subiri pia nilisema nitamwomba, lakini hilo lisubiri kidogo.


Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Kifua cha wastani.

Mwalimu mkuu kanunua jingine. Aliyekuja ni mchinja magari, hivyo ndivyo wanavyomwita. Ananunua mazima na mafu na kuyauza vipande vipande. Mtu mnene, mcheshi, anagonga bodi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Bei yake chini kuliko ya mwalimu. Bati linatosha, dari hapana.

Nilisema, "Sawa. Lakini kiti cha mbele cha abiria kinabaki."

"Dada, viti ndivyo vinavyouzika. Ngozi nzima hii."

"Hivyo vingine chukua. Hicho kinabaki, na swichi yake, na waya zake, na betri."

"Na betri!" Akamgeukia mume wangu. "Kaka, msaidie mwenzako."

Mume wangu akatazama mawingu. "Mimi ufunguo nilishanyang'anywa."

Walibishana, akaondoka, akarudi toka kwenye kona ya barabara, wao hurudi siku zote. Mama mkwe alikuwa dirishani. Nilidhani atasema neno, jasho la mtu, makochi, chochote. Alisema, "Muangalie asikwaruze mlango akitoka."

Subiri alikuja kukifungua kiti. Nilimwomba radhi na kumwambia habari ya rangi ya kucha. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji! Na mimi nililiona lile doa nikasema hii betri ina alama ya kiwanda."


Jumamosi, 26 Aprili

Mafundi bati wapo juu. Tunalala wote sebuleni kama samaki kwenye kopo. Kifua: hakijapiga filimbi siku tatu mfululizo. Nimeandika, lakini sisemi kwa sauti.


Jumamosi, 3 Mei

Mvua zinaisha kwa vipindi.

Kiti kimefika sebuleni. Subiri kakifunga kwenye fremu ya mbao imara, waya kazipitisha nyuma, betri chini yake na chaja ukutani, fyuzi katikati kisije kikamkaanga bibi. Kinaonekana kama kimeruka kutoka kwenye ajali. Nusu ya sebule kimekwisha.

Mama mkwe alikataa kukikalia. Alisema ni cha watu wagonjwa. Alipita mbele yake siku nzima, ana kazi nyingi ghafla upande ule. Alasiri Kijino akapanda, akashika usukani ambao haupo.

"Bibi, panda, twende."

"Twende wapi?"

"Mjini."

"Mafuta nani kaweka?"

"Hakili mafuta."

Bibi akakaa. Akabonyeza swichi mwenyewe, akafumba macho. Mume wangu akaenda nje kuangalia bati, tukamwachia aangalie muda mrefu. Wifi kapiga simu jioni, nikampa mama mwenyewe aongee. Nilisikia akisema, "Nyonga inaniuma, ndiyo. Na hapa siondoki. Nina gari langu."


Jumapili, 18 Mei

Jua. Kifua kizuri. Ukuta mkavu, nimekwenda na tambara la kusugulia nikarudi nalo safi. Kesho kliniki, muuguzi atapewa kurasa anazostahili, hizi nyingine nazichana.

Leo mama mkwe alikwenda kusali na wote, nikabaki na Mdogo. Mgongo wangu wa pasi ulikuwa unaniuma. Nikaketi. Kidogo tu. Nikabonyeza kile kijitaa. Jamani. Sijui nilisinzia kiasi gani, nikasikia mlango wa uani, nikazima, nikaruka, nikaenda kusimama jikoni na mwiko mkononi.

Mama mkwe akaingia, akaweka mkoba, akaenda kwenye kiti chake. Hakukaa. Aliegemeza kiganja juu ya ngozi. Akakandamiza.

"Nani kakaa hapa?"

Sikuinua macho. "Muulize mwanao," nikasema.